UZI: Manesi na wakunga wa Uganda, hesabu kwanza, sindano baadaye

NesiWaElgon

Wadau, poleni na kazi. Uzi huu naufungua kwa ajili ya wanafunzi wa uuguzi na ukunga walioko Uganda ambao somo huwaingia vizuri likielezwa kwa Kiswahili: mliotoka Kongo mkawa kambi za wakimbizi za Kyangwali, Nakivale na Kyaka, watu wa Busia na Malaba, watoto wa Bombo, na yeyote anayekesha na notisi za Kiingereza akisubiri mtihani wa bodi ya taifa. Wazazi nanyi msipite hivi hivi, la kwenu limo.

Mimi nafundisha wodini, upande wa Mbale. Kila kundi jipya la wanafunzi likija nakuta jambo lile lile: majina ya dawa wanayo, mgonjwa hawajamtazama. Ukiuliza mtoto wa kitanda cha nne ana nini, unajibiwa "malaria kali, yuko kwenye artesuneti." Anapumua mara ngapi kwa dakika? Kimya. Ana kilo ngapi? Faili linafunguliwa. Amekojoa tangu asubuhi? Hapo anageuziwa mama wa mtoto, ajibu yeye.

Daktari anapita asubuhi, anaandika, anaondoka. Saa zilizobaki mgonjwa ni wako. Kazi yako ya kwanza ni kuhesabu na kupima, na dawa inafuata hesabu.

Tuanze na pumzi, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Mtoto awe ametulia mapajani kwa mama yake, hanyonyi, halii. Mfunue kifua. Hesabu dakika nzima kwa saa yenye mshale wa sekunde au kwa simu. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, maana mtoto mchanga hapumui kwa mwendo mmoja: anakimbiza, anasita, anakimbiza tena. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za kasi, na ukizipata rudia kuhesabu. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Kuanzia mwaka 1 hadi kabla hajatimiza miaka 5, ni 40. Kisha angalia chini ya mbavu. Kama panabonyea kila anapovuta hewa, mtoto huyo anapumua kwa nguvu za kuazima, na mkubwa wako wa zamu anatakiwa ajue sasa hivi. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikisoma chini ya asilimia 90, weka oksijeni kwanza, historia utaiuliza akiwa nayo puani.

Uzito sasa. Chukua artesuneti, kichupa cha miligramu 60. Unakiyeyusha kwa mililita 1 ya bikaboneti iliyokuja nacho, unatikisa mpaka dawa iwe angavu, kisha unaongeza mililita 5 za selaini (maji ya chumvi ya sindano). Una mililita 6 zenye miligramu 60, yaani miligramu 10 kila mililita. Mtoto wa chini ya kilo 20 anapata miligramu 3 kwa kila kilo. Wa kilo 8 ni miligramu 24, unavuta mililita 2.4, unaisukuma polepole mshipani. Lakini ukiamua kumchoma pajani, baada ya bikaboneti unaongeza mililita 2 tu, dawa inakuwa miligramu 20 kila mililita, na mtoto yule yule anapata 1.2. Sasa fikiria aliyekuachia zamu ameandika "2.4" bila kusema ya mshipa au ya paja.

Wa kilo 20 na kuendelea ni miligramu 2.4 kwa kilo. (Msiichanganye hii 2.4 na ile ya juu, huko wanafunzi huangukia.) Mdogo anapewa zaidi kwa kilo kwa sababu kipimo cha mkubwa hakimtoshi, kinabaki kidogo mno kwenye damu yake. Unampa mwanzoni, baada ya saa 12, na baada ya saa 24, na akiweza kula na kumeza anamaliza na vidonge vya mseto. Ikishayeyushwa, itumike ndani ya saa moja.

Naomba mniache ninywe chai, nitarudi na mengine. Maswali wekeni.

---

MamaShaban

Sista asante kwa somo. Mimi si nesi, nauza nguo Busia. Naomba kuuliza bila kugombana. Mwezi uliopita mtoto wangu wa miaka miwili alikuwa na malaria, amelegea, mikono baridi. Tulikwenda kituo kimoja, nesi akamchoma artesuneti lakini dripu ya maji akakataa kabisa. Nilimwambia mtoto amekauka, akasema "mama subiri." Nikanuna, ndugu zangu wakasema nesi anataka hela. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, ila mpaka leo najiuliza kwa nini maji yazuiwe kwa mtoto aliyelegea?

---

NesiWaElgon

Mama Shaban, chai imebidi isubiri. Swali lako lilifanyiwa utafiti hapa hapa kwetu, na jibu lake lilibadilisha wodi za watoto duniani.

Zamani tulifundishwa hivyo unavyofikiri wewe: mtoto mwenye homa kali, mikono baridi, mapigo dhaifu, ukibonyeza ukucha rangi inachelewa kurudi, mmiminie maji haraka. Ukaja utafiti uitwao FEAST ukiongozwa na Profesa Kathryn Maitland. Ulifanyika hospitali sita: Mbale, Soroti, Lacor na Mulago kwa Uganda, Kilifi kwa Kenya, na Teule ya Muheza kwa Tanzania. Watoto 3,141, wengi wao na malaria. Baadhi walipewa maji mengi ya haraka, mililita 20 hadi 40 kwa kilo ndani ya saa ya kwanza, wengine wakapewa matibabu yale yale mengine yote ila bila mmiminiko huo.

Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya mwisho wake, kwa sababu waliomiminiwa maji ndio waliokuwa wakifa zaidi. Ndani ya saa 48, vifo vilikuwa 10.6 na 10.5 kwa kila watoto 100 katika makundi mawili ya maji, na 7.3 katika kundi lisilomiminiwa. Watoto watatu zaidi katika kila mia, na sababu ni kitu tulichokuwa tunakitundika kwa upendo.

Kwa hiyo yule nesi aliyekuambia subiri alikuwa anajua kazi yake. Mtoto wa malaria aliyelegea tunampima sukari, tunampima damu, tunahesabu pumzi. Mara nyingi anachokosa ni damu au sukari. Maji mengi mtu mwenye damu nyepesi yanamzidishia wepesi huo huo.

Kosa lipo, lakini ni la kutokukueleza. Mama akiambiwa sababu hanuni.

---

DukaLaDawa_Malaba

Mkuu uzi mzuri lakini tuongee ukweli. Huku mtaani mteja anakuja kataja mwenyewe: "nitundikie maji." Usipomtundikia anavuka barabara, duka la pili anatundikiwa. Watu wanaamini dripu. Mgonjwa akitoka bila plasta mkononi anaona hakutibiwa.

---

NesiWaElgon

DukaLaDawa, naelewa biashara yako na sitakufundisha kuuza. Ila kutundika maji mtoto ambaye hujampima uzito, hujampima sukari, na huna oksijeni wala damu ya kumwongezea, hiyo usiite huduma kwa mteja. Akivuka barabara, avuke.

---

Mushi_wa_Kyangwali

Mwalimu nimekupata, lakini sasa umenichanganya. Mimi niko mwaka wa pili. Kwenye kuhara tunafundishwa maji mengi mililita 100 kwa kilo. Hiyo haigongani na FEAST?

---

NesiWaElgon

Haigongani, na wewe umeuliza swali ambalo wengine wanaogopa kuuliza. FEAST haikuhusu watoto wa kuhara wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua. Mtoto wa kuhara maji yamemtoka kweli, yanatakiwa yarudi.

Ndiyo maana unahesabu na kugusa kabla ya kutundika. Macho yamedidimia? Vuta ngozi ya tumbo kati ya kitovu na ubavu, iachie. Ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, na mtoto hawezi kunywa au amepoteza fahamu, huyo amekauka vibaya na anaingia Mpango C, ule wa kumrudishia maji haraka kwa mshipa.

Haya tufanye hesabu pamoja. Mtoto wa miezi 18, kilo 10. Anahitaji mililita 1,000 za Ringa (maji ya dripu ya Ringer's lactate). Kwa sababu ameshapita mwaka, mililita 30 kwa kilo zinaingia ndani ya nusu saa: mililita 300. Zilizobaki, 70 kwa kilo, ni mililita 700 kwa saa mbili na nusu. Angekuwa chini ya mwaka mmoja, ile ya kwanza ingekwenda saa 1 na ya pili saa 5.

Mrija wa kawaida unatoa matone 20 kwa mililita, lakini soma pakiti, ipo ya 60. Mililita 700 mara 20 ni matone 14,000. Saa mbili na nusu ni dakika 150. Gawanya: matone 93 kwa dakika. Simama chini ya chupa, shika saa, fungua kidogo kidogo mpaka upate hayo. Ile ya nusu saa ya kwanza inatoka matone 200 kwa dakika, hapo usijisumbue kuhesabu, fungua yote na simama hapo hapo uangalie mililita kwenye chupa. Ukienda kuandika faili huku imefunguliwa yote, utakuta chupa nzima imeingia.

Akianza kuweza kunywa, mpe ORS (ile chumvi ya pakiti inayochanganywa na maji ya kunywa) hata kama dripu bado inakwenda. Zinki nayo isisahaulike: miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, na wa chini ya miezi 6 ni miligramu 10. Kuhara kukikoma siku ya tatu mama huacha zinki, mwambie mapema aimalize. Na pakiti ya ORS mwonyeshe, usimwambie tu. Nyingine ni za lita nzima, nyingine nusu lita. Ikichanganywa nzito inamdhuru mtoto.

Mwenye utapiamlo mkali ana mpango wake mwingine, mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5 kwenye utepe usimkimbilie na hesabu hizi, muulize mkubwa wako.

---

BibiMkungaBombo

Nimesoma yote kimya. Mwanangu NesiWaElgon, umeandika vizuri lakini umeandika watoto watupu. Mama yao je? Mimi nimestaafu, nimezalisha wengi mpaka wengine sasa wananiletea wajukuu zao. Acha niseme la leba.

Kinachowaua mama zetu zaidi leba ni damu, na damu hatuipimi, tunaikisia. Mkunga anatazama godoro la mpira anasema "ni ya kawaida." Nusu imenywewa na kanga, nusu imekwenda chini ya makalio, nyingine iko kwenye beseni na maji ya uzazi. Macho yanadanganya, na yanadanganya kuelekea upande mmoja: siku zote unaona kidogo kuliko kilichotoka.

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Waliweka mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo chini ya mama, damu inaingia humo, unasoma. Waliokuwa wanakisia kwa macho waligundua kama nusu tu ya wanaotoka damu nyingi. Waliopima waligundua 93 kati ya 100, na kwa kuwa waligundua mapema na wakatibu yote kwa pamoja, madhara makubwa yalipungua kwa asilimia 60. Dawa zilikuwa zile zile tulizo nazo.

Sasa mtasema bibi, kituo chetu hakina huo mfuko. Mizani ya watoto mnayo. Pima kanga na pedi zikiwa kavu kabla hajajifungua, uandike. Zikilowa pima tena, toa ule wa kwanza. Gramu 1 hesabu mililita 1. Plastiki ya kwenye Mama Kit (pakiti ya vifaa vya kujifungulia) itandaze iwe na bonde la kukusanyia, kisha mimina kwenye jagi lenye mistari. Ikifika 500 usingoje ushauri, na kama mapigo ya moyo yanakimbia au amepauka usingoje hata hizo 500.

Mtoto akitoka, papasa tumbo ujue hakuna pacha, mpe mama oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi) yuniti 10 ya msuli ndani ya dakika moja. Damu ikizidi, fanyeni yote kwa mpigo, msipange foleni: mmoja akanda mfuko wa uzazi mpaka uwe mgumu, mwingine anatundika oksitosini ya mshipa, mwingine anachoma asidi traneksamiki (dawa ya kuzuia damu isiendelee kutoka) gramu 1 mshipani polepole kwa dakika 10. Hiyo traneksamiki ina saa zake, ni ndani ya saa 3 tangu ajifungue, baada ya hapo haina faida. Kibofu kitolewe mkojo. Kondo likaguliwe kama limetoka zima. Njia ikaguliwe kama imechanika. Na aliye mlangoni awe anapiga simu ya rufaa.

Halafu oksitosini ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ampulu zikizoea kukaa juu ya kabati dirishani kwenye joto, nguvu ya dawa inapungua, mwisho mnachoma maji. Mkiona mfuko wa uzazi hausikii dawa, swali mojawapo la kujiuliza ni hilo.

---

Akello_Mwanafunzi

Bibi shikamoo. Nimeweka kambi hapa. Naomba pia magnesiamu kwa kifafa cha mimba, mimi huwa naiogopa ile dawa kuliko zote.

---

BibiMkungaBombo

Marahaba mwanangu. Kuiogopa ni vizuri, kuikwepa ndiyo mbaya. Mama anayetetemeka mwili mzima na presha 160 kwa 110, kinachomuua ni kifafa. Dawa unayoiogopa ndiyo ya kumwokoa.

Mwanzo ni gramu 4 mshipani polepole, na gramu 10 msulini, gramu 5 kila tako. Kisha gramu 5 kila baada ya saa 4, tako hili, halafu lile, mpaka zipite saa 24 tangu ajifungue au tangu kifafa cha mwisho, kipi kimekuja baadaye. Ila kabla ya kila sindano, kila sindano narudia, unapima vitu vitatu. Pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika. Mguu urushwe ukigonga chini ya goti. Mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa, yaani saa 4 uone kama 120 kwenye mfuko wa mkojo. Dawa hii hutolewa na figo, mkojo ukikatika inabaki mwilini na kujilimbikiza.

Kimoja kikikosekana, usichome. Goti ndilo linalotangulia kunyamaza kabla pumzi hazijazimika, kwa hiyo goti lisiloruka ni onyo ambalo bado lina nafasi. Kalsiamu glukoneti gramu 1, dawa ya kuipinga magnesiamu ikizidi, iwe imewekwa kando ya kitanda tangu mwanzo, siyo kabatini kwa mfamasia aliyekwenda kulala.

Nyundo ya goti hamna? Tumia ukingo wa kiganja. Mama akae, miguu ining'inie.

Na wajawazito mnaosoma: kichwa kinachouma hakitulii, macho kuona ukungu, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu. Usinywe Panadol ukalala. Nenda upimwe presha usiku huo huo.

---

MzeeWaHoima

Nyongeza ya kihistoria kwa idhini ya wenye uzi. Mwaka 1879, mmisionari wa tiba Mwingereza Robert Felkin alishuhudia huku kwetu Bunyoro mganga akimpasua mama na kumtoa mtoto hai. Aliandika kwamba mama alipewa pombe ya ndizi imlegeze, na pombe hiyo hiyo ikatumika kumwoshea tumbo na mganga kunawa mikono. Kidonda kikafungwa kwa pini za chuma na nyuzi za gome la mti. Mama akapona. Ulaya wakati huo madaktari bado walikuwa wanabishana juu ya kunawa. Kwa hiyo nesi anayepita kitanda hadi kitanda bila kunawa asiseme usafi ni mambo ya wazungu.

---

DukaLaDawa_Malaba

Mzee hapo umeua 😂 Kwa hiyo na dawa za kienyeji za kuongeza uchungu ziruhusiwe?

---

BibiMkungaBombo

Hapana. Mwanangu usichokoze. Emmumbwa, zile dawa za udongo na mitishamba, wengi wanakunywa tangu mimba changa na siwezi kuwakamata wote. Ninayogombana nayo ni ile ya kuharakisha uchungu. Haina kipimo. Mfuko wa uzazi unakaza hauachii, mtoto anakosa hewa, na mama mwenye kovu la upasuaji mfuko unaweza kupasuka. Wakunga, ulizeni kwa upole: "Mama, nyumbani wamekupa nini?" Ukiuliza kwa ukali ataficha, nawe utamwongezea oksitosini juu ya ile aliyokunywa.

---

BodaWaSofia

Naomba kuuliza mimi boda. Usiku napigiwa simu kubeba wajawazito na watoto wenye degedege. Juzi mama kamshika mtoto, anatetemeka, shangazi anamtia kijiko mdomoni. Mimi nifanye nini, nikimbize tu?

---

NesiWaElgon

Kaka asante kwa kuuliza, wewe ndiye gari la wagonjwa la watu wengi.

Kijiko kitoke mdomoni. Meno yatavunjika, na pumzi itazibwa na kijiko chenyewe. Alazwe ubavu, mate na matapishi yatoke nje, nguo zilegezwe. Usipakie mtoto akiwa katikati ya kutetemeka, atawaponyoka. Mara nyingi inapita ndani ya dakika chache. Isipopita, mama akae katikati, mtoto afungwe kifuani kwake uso ukiwa upande, shangazi awe nyuma.

Sukari ndiyo siri ambayo wengi hawaijui. Mtoto wa malaria aliyezimia huenda sukari imemwishia. Kama hawezi kumeza, usimmiminie soda wala chai mdomoni, itaingia mapafuni. Chukua kijiko kimoja cha chai cha sukari kilichosawazishwa, tia matone mawili ya maji, weka chini ya ulimi. Rudia kila dakika 10 hadi 20 mpaka mfike.

(Wanafunzi: wodini, sukari ya damu chini ya 2.5 mmol/L, na kwa mwenye utapiamlo chini ya 3, mpe dekstrozi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo. Kama mna ya asilimia 50 tu, chukua mililita 10 zake na mililita 40 za maji ya sindano. Ile ya 50 usimpige mtoto mshipani hivyo hivyo ilivyo.)

Kwa mjamzito, kaka, jua mapema kituo kipi kinapasua. Kwa mpango wa serikali ngazi ya tatu wanazalisha, ngazi ya nne ndiyo yenye chumba cha upasuaji, na hata hapo piga simu uulize kama daktari yupo. Mama anayetoka damu au mwenye uchungu uliodumu siku nzima, usimpitishe ngazi ya pili kwanza.

---

Mushi_wa_Kyangwali

Mwalimu, mtoto mchanga asiyelia akizaliwa? Kwetu tunaona wanampiga makofi mgongoni akiwa kichwa chini miguu juu.

---

BibiMkungaBombo

Niachieni hili. Hakuna kuning'iniza wala kupiga. Mkaushe kwa kitambaa kikavu, mgongo usugue huku unakausha, kitambaa kilicholowa kitupwe, weka kikavu. Huko kukausha kwenyewe ndiko kunakowaamsha wengi. Hapumui? Kata kitovu, mpeleke mezani, kichwa kisipinduke sana nyuma wala kidevu kisilalie kifua, barakoa izibe pua na mdomo, anza kupuliza kabla dakika moja haijaisha. Pumzi kama 40 kwa dakika. Unachotazama ni kifua: hakipandi, basi hewa haiingii, rekebisha kichwa na barakoa. Nimeona watu wanabonyeza ambu (mfuko wa kupulizia hewa) bidii zote kifua kimelala tuli.

Meza iandaliwe mama akiwa bado anasukuma, na ambu ijaribiwe kiganjani. Mtoto hatakusubiri umtafutie barakoa ndogo.

Aliyezaliwa na uzito mdogo, kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kofia na soksi. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kuanza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atengemae, kunapunguza vifo kwa robo. Baba naye ana kifua, mkumbusheni.

---

Akello_Mwanafunzi

Swali la mwisho kutoka kwangu. Wodi tuliyopo mizani imeharibika na mtoto kaja anadegedeka. Hizo hesabu zote za kilo tunazifanyaje?

---

NesiWaElgon

Akello, kwa dharura tu: mtoto wa mwaka 1 hadi 5, chukua miaka yake ongeza 4, zidisha kwa 2. Wa miaka 3 ni kilo 14. Mchanga wa chini ya mwaka, gawanya miezi kwa 2, ongeza 4, wa miezi 6 anakuwa kilo 7. Andika kwenye chati "uzito wa kukadiria" ili wa zamu ijayo asiuamini kama wa mizani. Kwa mtoto aliyekonda hesabu hii inampa kilo asizo nazo, kwa hiyo pima mkono wake kwa utepe kwanza.

Akishatulia, azima mizani ya kliniki ya chanjo. Au mpandishe mama kwenye mizani ya watu wazima akiwa na mtoto, kisha bila mtoto, utoe. Na fomu ya kuomba mizani itengenezwe ijazwe leo, nakala ubaki nayo.